UZI: Kuunganisha rangi za akriliki kwenye kanvasi bila kuacha mistari

Brashi Bapa (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna swali ambalo wachoraji wanaoanza huliuliza kwa sura nyingi: kwa nini anga niliyoipaka ina mistari kama ngazi, ilhali nilikusudia buluu ififie taratibu hadi iwe karibu nyeupe kwenye upeo? Mwingine huuliza kuhusu shavu la uso, mwingine kuhusu kivuli cha chungu, lakini ugonjwa ni uleule. Nimeona niandike kwa urefu kwa sababu majibu mafupi ya "ongeza maji" na "fanya haraka" yalinipotezea muda mwingi mimi mwenyewe, na la pili ndilo lililonidhuru zaidi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuchanganya rangi ni kazi ya kwenye paleti, yaani ubao wa kukorogea rangi: unachukua buluu na nyeupe, unazikoroga hadi ziwe rangi moja. Kuunganisha rangi ni kazi ya kwenye kanvasi: rangi mbili zimepakana, nawe unataka jicho lishindwe kuona zinapokutania. Asiyetofautisha haya mawili hukoroga juu ya kanvasi hadi eneo zima linakuwa rangi moja ya wastani, kisha hushangaa mpito umekwenda wapi.

Pili, tuielewe rangi yenyewe. Akriliki ni unga wa rangi pamoja na chembe ndogo mno za plastiki zinazoelea ndani ya maji. Maji yakianza kutoka, mengine yakienda hewani na mengine yakinywewa na kitambaa, chembe hizo husogeleana, hubanana, na mwishowe hushikana kuwa utando mmoja ambao maji hayauyeyushi tena. Rangi ya mafuta haikauki hivyo. Mafuta yake huungana na oksijeni ya hewani polepole, na ndiyo maana mchoraji wa mafuta anaweza kurudi kesho akakuta rangi yake bado inamsubiri. Tabaka jembamba la akriliki huweza kukauka kwa kugusa ndani ya dakika 10 hadi 20, na penye joto au upepo hata upesi zaidi.

Kati ya ubichi na ukavu ipo hatua ambayo mimi huiita hatua ya ulimbo, na humo ndimo picha nyingi huharibikia. Mng'ao wa maji hutoweka kuanzia ukingoni. Brashi iliyokuwa ikiteleza huanza kukokota, na ukitega sikio utasikia nywele zake zikikwaruza kwa mbali. Ukipitisha brashi mara moja zaidi, utando ambao haujakomaa unachanika: kipande kinang'oka, cheupe cha jeso (rangi ya msingi inayopakwa kwanza juu ya kanvasi) kinachungulia, na kile kilichong'oka kinaviringika kuwa vijinyuzi kama mabaki ya kifutio. Nakumbuka picha moja ya ziwa wakati wa machweo ambayo niliiharibu namna hiyo. Kosa la awali lilikuwa mstari mmoja mwembamba kama uzi wa kushonea. Niliusugua ili ufutike, ukawa doa. Nikalisugua doa, likawa shimo la ukubwa wa kiganja, na hapo nilikuwa nimebakiza kutia saini tu.

Kwa hiyo msimamo wangu katika uzi huu ni kwamba tatizo la akriliki si kukauka haraka. Tatizo ni mkono unaoendelea baada ya rangi kusema basi. Ukihisi ulimbo, ondoa brashi hata kama mpito ni mbaya. Acha eneo likauke kabisa, kisha pita juu yake upya. Tabaka lililokauka haliyeyuki chini ya tabaka jipya, na fursa hiyo mchoraji wa mafuta hana budi kuisubiri kwa siku kadhaa.

Sasa tuchukue anga kama mfano. Jeso ina kiu, na kanvasi iliyopakwa jeso tabaka moja hunyonya maji ya rangi kabla hujavuta pumzi. Mimi hupaka matabaka mawili au matatu, nasugua kwa msasa laini kila moja likikauka, kisha namalizia na tabaka moja jembamba la midiamu ya akriliki, ambayo ni akriliki isiyo na unga wa rangi. Uso ulioandaliwa hivyo hunywa kidogo, nami napata dakika kadhaa za ziada bila kutia kitu chochote ndani ya rangi.

Kabla brashi haijagusa kanvasi, toni zote huwa tayari kwenye paleti. Kwa anga ya kawaida huandaa marundo matano: altramarini, ambayo ni aina ya buluu, yenye nyeupe kidogo kwa juu, na kila rundo linalofuata likiongezewa nyeupe ya titani, hadi la mwisho ambalo ni nyeupe iliyotiwa doa la buluu. Andaa nyingi kuliko unavyodhani utahitaji. Atakayeishiwa katikati akaanza kukoroga upya atarudi na kukuta ukingo umekauka, na hapo ngazi ya kwanza imeshazaliwa.

Nahitaji brashi mbili bapa, pana, za nywele za sintetiki. Moja ni ya kuweka rangi. Ya pili haichovywi kwenye rangi kamwe. Kazi yake ni kuunganisha tu, nayo huwa imeloweshwa kisha ikakamuliwa hadi unyevunyevu tu ndio uliobaki. Napulizia kanvasi maji kwa chupa ya kupulizia, nikiwa mbali kiasi ili ushuke ukungu na si matone, kwa kuwa tone likianguka juu ya rangi mbichi huacha duara ambalo utaliona hadi mwisho. Naweka mkanda wa kwanza wa rangi, naweka wa pili ukipanda kidogo juu ya wa kwanza, kisha kwa brashi ya pili napita kwenye maungio kwa mipigo mifupi ya mshazari inayokatana. Baada ya hapo navuta mipigo mirefu ya mlalo, mwepesi mkono, ncha za nywele tu zikigusa. Kila mipigo miwili au mitatu nafuta brashi kwenye kitambaa. Napenda kutoka upande mweupe kwenda upande wa giza, kwa sababu giza kidogo likibebwa hadi kwenye weupe huonekana upesi, ilhali weupe ukiingia gizani humezwa.

Halafu naacha. Tabaka la kwanza huwa na mapengo na michirizi, wala halinisumbui. Likishakauka narudia mchakato uleule, na mara nyingi tabaka la pili au la tatu ndilo linalotoa anga niliyoitaka. Jihadharini na jambo moja: gundi ya akriliki ikiwa mbichi ina weupe kama wa maziwa, na ikikauka huwa angavu, hivyo rangi hukolea kidogo baada ya kukauka. Toni iliyolingana sawasawa ikiwa mbichi juu ya tabaka kavu haitalingana baadaye. Pakeni tone pembeni, lisubirini likauke, ndipo mwamue.

Karibuni kwa maswali na kwa kunikosoa.

Msasa

Ahsante sana mleta mada kwa bandiko lililokwenda shule. Mimi nina kisa kinachohusu ritada, yaani kile kimiminika cha kuchelewesha kukauka. Nilidhani ndiyo tiba ya tatizo lote, nikaitia karibu nusu kwa nusu na rangi. Kuunganisha kulikuwa rahisi ajabu, lakini sasa wiki imepita na picha bado inanata. Nimeigusa pembeni na alama ya kidole imebaki. Je, nimeiua?

Brashi Bapa

Pole sana, ndugu Msasa. Ritada si rangi wala si gundi. Kwa kawaida ni kimiminika chenye asili ya glikoli ambacho hukaa na unyevu na kutoka polepole kuliko maji. Ikiwa kidogo, chembe za plastiki hupata muda kabla ya kushikana. Ikizidi, hujikalia katikati yao na kuzizuia zisishikane vizuri, na matokeo ndiyo huo unato. Kiwango cha juu huandikwa kwenye lebo ya chupa, nacho ni sehemu ndogo tu ya rangi, hakikaribii nusu. Mimi hupima kwa matone.

Usipake chochote juu yake kwa sasa, kwa maana utaifungia ndani. Iweke picha mahali pakavu penye hewa inayozunguka na joto la wastani, mbali na vumbi, kwa sababu uso unaonata hushika kila unyoya unaopita, kisha uisubiri. Isipokauka kabisa baada ya muda mrefu, itakubidi ukwangue eneo hilo na kuanza upya. Ikiwa unachohitaji ni rangi iteleze tu, bila kubaki mbichi kwa muda mrefu, tumia midiamu ya kupakia matabaka angavu, kwa kuwa hiyo ina gundi ndani yake na haidhoofishi utando hata ukiizidisha.

Mzee wa Mafuta

Vijana, nimewasoma kwa makini, lakini naona mnauzunguka mbuyu. Zipo akriliki zilizotengenezwa makusudi zikawie kukauka, kama zile za kampuni ya Golden ziitwazo OPEN, na mchoraji anaweza kuzishughulikia kwa muda mrefu bila hayo mapulizo na mbio. Tena akriliki haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watengenezaji wa rangi Leonard Bocour na Sam Golden walitoa rangi iliyoitwa Magna, ambayo resini yake ya akriliki ilikuwa ndani ya tapentaini badala ya maji, na hata ikikauka iliweza kuyeyushwa tena kwa tapentaini. Mchoraji Morris Louis aliitumia kwa kuimwaga ikiwa nyepesi juu ya kanvasi. Akriliki ya maji kwa wasanii ilipata nguvu baadaye, hasa baada ya rangi za chapa ya Liquitex kuingia sokoni mwaka 1955. Kwa hiyo tabia hii mnayoijengea falsafa ni tabia ya maji, si ya akriliki.

Brashi Bapa

Shikamoo mzee wetu, na ahsante kwa kutukumbusha historia. Nakubaliana nawe kwamba tabia hii inatokana na maji. Rangi za kukawia nimezitumia na sina ugomvi nazo, hasa kwa uso wa mtu, ambapo mpito mmoja huweza kukuchukua nusu saa. Ninachowaeleza wanaoanza ni kwamba nazo zinadai malipo yake. Lazima zipakwe kwa wembamba, kwani zikiwekwa nene hukaa bila kukauka kwa muda mrefu sana, na tabaka linalofuata haliwezi kuwekwa baada ya robo saa kama tulivyozoea. Ukiharakisha, brashi hulifumua la chini. Kwa maneno mengine, unapata muda wa kuunganisha na unapoteza urahisi wa kurudia. Mchoraji anayetegemea matabaka, kama mimi, huona hasara hiyo ni kubwa. Anayependa kumaliza mpito kwa mkupuo mmoja ataona ni nafuu.

Zambarau

Naomba kuuliza jambo ambalo halihusu kukauka. Mpito wangu ni laini kabisa, hauna mstari hata mmoja, lakini ni mchafu. Nilichora machweo, buluu juu na chungwa chini, na pale katikati pametokea rangi ya matope. Nikajaribu buluu kwenda njano, nikapata ukanda wa kijani kama nyasi. Kosa liko wapi?

Brashi Bapa

Swali zuri kuliko yote hadi sasa, nami nilipaswa kuligusa mwanzoni.

Mkono wako hauna kosa. Buluu na chungwa hutazamana kwenye duara la rangi, na rangi zinazotazamana zikikutana huuana zikawa kijivu au kahawia. Hakuna brashi wala ritada itakayozuia hilo. Buluu na njano nazo lazima zizae kijani. Tazama anga yenyewe jua linapozama: buluu haiingii moja kwa moja kwenye chungwa. Katikati pana zambarau hafifu, kisha waridi, au mara nyingine ukanda mpauko usio na jina, ambao hauna buluu ya kutosha wala chungwa la kutosha kugombana. Mchoraji anatakiwa kujenga daraja hilo kwa makusudi. Andaa rundo la zambarau iliyopaushwa na rundo la waridi, uunganishe buluu na zambarau, zambarau na waridi, waridi na chungwa. Jirani aungane na jirani yake tu, na brashi ioshwe kwa maji na kukamuliwa kabla ya kuvuka kwenda maungio yanayofuata.

Aina ya rangi nayo ina neno lake. Altramarini huegemea wekundu, kwa hiyo hutoa zambarau safi ikikutana na kinakridoni ya majenta, ambayo ni nyekundu inayoelekea zambarau. Buluu ya thalo huegemea ukijani na ina nguvu ya kutisha: tone dogo lake hulimeza rundo zima la nyeupe, na ukiigusisha njano, kijani hujitokeza hata hukukihitaji. Nyekundu ya kadimiamu, kwa kuwa huegemea njano, ikiwekwa na altramarini hutoa zambarau iliyofifia inayoelekea hudhurungi. Wengi hulaumu mkono wao kwa kosa la tyubu waliyoichagua.

Ipo njia nyingine, ambayo ni kutounganisha kabisa zikiwa mbichi. Paka chungwa na sehemu ya chini yote, acha ikauke kabisa, kisha shusha buluu kutoka juu kwa brashi iliyo karibu kavu. Chovya ncha tu, futa kwenye kitambaa hadi udhani hakuna kitu kilichobaki, kisha pitisha kwa wepesi. Kanvasi yenyewe itakusaidia hapa: nyuzi zilizoinuka zinashika rangi, mashimo kati ya nyuzi yanabaki na chungwa, na jicho likiwa mbali kidogo linaziunganisha lenyewe. Rangi hazijakutana, kwa hiyo matope hayapo.

Kivuli cha Mchana

Nami niongeze kutokana na uzoefu wa kuchora nyuso. Kwenye shavu eneo ni dogo mno kwa mipigo ya mishazari, na brashi pana haina pa kuzungukia. Mimi hujenga mpito kwa matabaka angavu. Nachukua sehemu moja ya rangi kwa sehemu kama nane au kumi za midiamu, napaka mahali kivuli kinapokolea, na papo hapo kwa brashi nyingine safi yenye unyevu navuta ukingo wake kuelekea kwenye mwanga hadi unapotea. Tabaka moja halionekani sana. La tano au la sita ndilo linalolifanya shavu lijae na kuonekana la mviringo. Sharti ni kila tabaka likauke kabisa kabla ya linalofuata.

Nawasihi wenzangu wasitumie maji matupu badala ya midiamu kwa kazi hii. Maji mengi kupita kiasi huitawanya gundi hadi haitoshi kushika unga wa rangi, na kwenye uso usionyonya rangi hukusanyika pembezoni ikaacha duara, kama alama ya kikombe mezani. Vilevile wachague rangi zinazoruhusu cha chini kionekane, kama kinakridoni, altramarini na thalo. Kadimiamu na nyeupe ya titani hufunika, na ndani ya tabaka jembamba huweza kuleta ukungu. Wakati mwingine ukungu huo ndio ninaoutaka, kwa mfano kwenye kidevu chenye ndevu zilizonyolewa, lakini nautia kwa kujua.

Msasa

Na rangi iliyo kwenye paleti mnaizuiaje isikauke wakati mnashughulika na kanvasi? Nusu ya rangi yangu huishia kuwa ngozi ya plastiki.

Kivuli cha Mchana

Chukua kisanduku bapa chenye kifuniko, tandika sponji jembamba au tishu nzito zilizolowa, kisha weka karatasi ya kuokea juu yake na uweke rangi juu ya karatasi hiyo. Unyevu hupanda kidogokidogo kutoka chini. Kifuniko kikifungwa, toni nilizokoroga leo nazikuta kesho zikiwa bado zinafaa. Tahadhari ni moja: sponji likiwa na maji mengi mno, rangi hulegea na kuanza kutiririka, kwa hiyo likamue kwanza.

Zambarau

Nimerudi na majibu. Nimeurudia mchoro wa machweo kwa daraja la zambarau na waridi, na matope yamekwisha. Nilipohisi brashi inakokota niliondoa mkono, ingawa iliniuma kuiacha ikiwa na michirizi. Tabaka la pili limeifunika yote isipokuwa mahali pamoja: nilianza na nusu ya kushoto, nikaitwa, nikarudi baada ya dakika ishirini kumalizia nusu ya kulia, na sasa katikati kuna mstari wa wima ulioinuka kidogo. Rangi za pande zote mbili zinalingana, lakini mstari unaonekana mwanga ukipiga kwa ubavu.

Brashi Bapa

Huo ni ukingo wa rangi nene uliokauka, na kuufunika kwa rangi nyingine hakutausawazisha. Utaota mgongo juu ya mgongo. Iache picha hadi kesho ili utando uwe imara, kisha uusugue mstari huo peke yake kwa msasa laini uliolowa maji, kidogokidogo, ukifuta na kupapasa kwa kidole hadi usiusikie tena. Ukishakauka, pitisha tabaka moja kwa upana wote wa anga, kutoka ukingo hadi ukingo, bila kusimama katikati. Ukiona huna muda wa kuvuka upana wote kwa mkupuo mmoja, basi simamia mahali penye kitu cha kuficha maungio, kama ukingo wa wingu au shina la mti, na uukonde ukingo huo kwa brashi yenye unyevu kabla ya kuondoka.

Zambarau

Nimeelewa, mkuu. Msasa ninao, nasubiri kesho.